Mistari Iliyosukumwa

Inspekta alikata ukanda wa tano wa karatasi, akaulaza chini ya ule wa nne, kisha akauvuta kuelekea kulia kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Alipouona ule ukingo mweusi wa karatasi ya chini umelingana na ukingo mweusi wa zile za juu, akaachia kidole na kuchukua rula.

"Afande, unashona gauni?" aliuliza sajini aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Nashona rafu ya vitabu."

"Itamtosha nani?"

"Tutajua ikishapimwa."

Sajini alicheka kwa pua. Kituoni walimwita Kiberiti, kwa kuwa hakuhitaji kusuguliwa mara mbili. Inspekta naye alikuwa na jina lake, Taratibu, ambalo walimwita akiwa hayupo. Alikuwa amelisikia siku nyingi. Hakukasirika, kwani alikuwa bado hajaamua kama ni tusi.

Walikuwa nyuma ya skrini kubwa ya ukumbi wa maonyesho, katika chumba chembamba cha fundi mitambo. Nyaya zilining'inia kila upande na feni tatu zilivuma bila kupumzika. Upande wa pili wa skrini hiyo, mbele ya viti vitupu, ilikuwa imetundikwa picha ya mwisho ya mchoraji. Ukiitazama kwa mara ya kwanza ungedhani skrini imeharibika: mistari ya rangi iliyochanikachanika, mmoja umekimbilia huku, mwingine kule, kama kitambaa kilichopita kwenye meno ya mbwa. Watu walikuwa wakipanga foleni kuja kuyatazama maharibiko hayo.

Mchoraji mwenyewe alikuwa hospitali tangu juzi na hajafumbua macho. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya ngazi katika karakana yake, au alikuwa ameangushwa. Mdogo wake wa kiume alikutwa amepiga magoti kando yake, mikono ina damu. Majirani walikuwa wamewasikia ndugu hao wakifokeana siku moja kabla. Hayo yalimtosha Mkuu wa Kituo. "Una mpaka kesho mchana," alimwambia Inspekta. "Baada ya hapo jalada linakwenda mahakamani, na kijana analifuata."

Kwa hiyo Inspekta alikuwa na mkasi, rula, gundi, na usiku mmoja wa kijana wa watu.

Kilichompa matumaini ni namna mchoraji alivyofanya kazi. Juu ya mlango wa karakana yake kulikuwa na kamera ndogo iliyopiga picha yenyewe kila saa: meza, vyombo, yeyote aliyekuwapo. Programu yake iliichukua picha hiyo mstari kwa mstari, ikausukuma kila mstari kando kwa kiasi kilichotolewa na fomula. Kilichotoka nje upande wa kulia kiliingia tena upande wa kushoto, wala haikupotea hata nukta moja. Picha iliyovunjwa hivyo ilitumwa yenyewe sehemu mbili: ukumbini na kwa mchapaji. Ile nzima ilifutwa palepale. Mchoraji alikuwa na msemo wake: picha mbichi hailali ndani.

Naye jirani wa chini alisikia kishindo cha mtu kuanguka wakati redio yake inaanza kutangaza taarifa ya habari. Yaani saa kamili. Kamera ilikuwa imefumbua jicho wakati huohuo. Kompyuta ilianguka pamoja na ngazi na haikufaa tena, lakini picha ilikuwa imeshaondoka.

"Imeona," Inspekta alikuwa amesema asubuhi, alipokwisha kuelezwa.

"Imeona, mama, ila imeapa kutosema," fundi alimjibu.

Fundi huyo alikuwa mtu mpana, penseli nyuma ya sikio, anayezungumza na mitambo yake kama anavyozungumza na mama mkwe: kwa heshima nyingi na mashaka kidogo. Alikuwa ameshajaribu kuirudisha picha. Haikuwa siri namna ya kuivunja. Mchoraji alijivunia fomula yake, akaiandika ukutani chini ya skrini kwa herufi za kiganja kizima, kila mtu aisome:

MSOGEO = 100 × SINI (3° × MSTARI)

"Sini ni nini?" Kiberiti alikuwa ameuliza.

"Ni wimbi, afande. Unaipa pembe, inakupa namba. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Kila mstari una namba yake kuanzia sifuri. Unaizidisha kwa tatu, unapata pembe, pembe inakwambia mstari usogee kiasi gani. Ikitoka chanya ni kulia, ikitoka hasi ni kushoto. Mimi nikiurudisha mstari kwa kiasi kilekile, umerudi nyumbani."

Alikuwa ameirudisha, na haikurudi. Picha iliyotoka ilikuwa fujo nyingine tu, ila katikati yake palikuwa na bonge la wekundu lililoyumbayumba.

"Jaketi la mdogo wake ni jekundu," Kiberiti alisema, naye alikuwa ameshafungua simu ampigie Mkuu. "Hapo tumemaliza."

"Tumeona wekundu," Inspekta alijibu. "Jaketi hatujaliona. Irudishe simu mfukoni, baba."

Ndipo alipoomba kipande cha juu cha picha kichapwe kikiwa kimekuzwa mpaka kila nukta ionekane kama punje ya mchele, akaazima mkasi.

Sasa alikuwa na kanda tano na alikuwa akikata wa sita. Pembeni pa picha kulikuwa na ukingo mweusi, pengine wa rafu, na rafu hukaa wima. Kama angeulinganisha ukingo huo katika kila ukanda, angejua kila mstari ulikuwa umesukumwa kiasi gani, bila kumuuliza mtu wala fomula. Mstari wa juu kabisa, wenye namba sifuri, haukuwa umesogea. Huo ulikuwa nanga yake. Alihesabu nukta kwa ncha ya penseli, akarudia kuhesabu, akaandika kwenye kiganja cha mkono kwa kuwa karatasi zote zilikuwa zimekatwa.

"Fundi, niambie. Kwa fomula ile, mstari namba moja ulisogea kiasi gani?"

Fundi alitazama kioo chake. "Nukta tano, kulia."

"Wa pili?"

"Kumi. Unaofuata kumi na sita. Halafu ishirini na moja. Zinapanda taratibu," alisema, kisha akakumbuka jina fulani na kukohoa. "Yaani, kidogokidogo."

Inspekta hakuinua macho. "Wangu namba moja umesogea kumi na nne, kulia. Wa pili ishirini na nane, kushoto. Wa tatu arobaini na moja, kulia. Wa nne hamsini na nne, kushoto. Wa tano, sitini na tano, kulia."

Feni zilivuma. Fundi aliitoa penseli nyuma ya sikio na kuirudisha.

"Hilo si wimbi," alisema. "Hiyo ni ngumi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kila moja inazidi iliyotangulia."

"Basi fomula ya ukutani ni ya uongo," Kiberiti alisema. "Huyu mchoraji alikuwa anawadanganya watu."

"Au fomula ni ya kweli," Inspekta alisema, "na aliyeitumia hakuitumia kama ilivyoandikwa." Alikuwa ameshasimama na kuchukua mkoba wake. Hakuwa mtu wa kukimbia, lakini sajini aliona kwamba ameacha miwani mezani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nani alikuwa akimwona akifanya kazi?"

"Aliyemsukuma," alisema Kiberiti.

"Twende tukamuulize, basi."

*

Kijana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa shati tu; jaketi lake jekundu lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa masomo ya jioni, na alikaa kwenye kiti kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Dada ameamka?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado."

"Shikamoo, basi."

"Marahaba. Juzi uliniambia mligombana, hukuniambia juu ya nini."

"Hukuniuliza wewe, mama. Aliniuliza sajini, naye alinipa majibu papo hapo."

Kiberiti alitazama dari.

"Nakuuliza mimi."

"Juu ya ngazi. Ile ngazi mguu wake mmoja ni mbovu. Nilimwambia dada, usiipande tena bila mtu wa kuishika chini. Akasema mimi ni mdogo wake, si mama yake. Nikapandisha sauti, akapandisha. Kwetu tukipendana tunapiga kelele."

"Akakubali?"

"Mwishoni akaapa. Hatapanda bila mtu kuishika. Na dada akiapa, ameapa."

Inspekta alifungua kiganja na kumwonyesha zile namba. "Hizi ni nukta. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Zinakwambia nini?"

Kijana aliinama. Midomo yake ilicheza, akihesabu. Ghafla uso ukamfunguka, akasahau yuko wapi.

"Mmeipima picha yake kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Hii ni sini ya tatu, sini ya sita, sini ya tisa. Lakini si nyuzi."

"Kabla hujaendelea," Inspekta alisema kwa sauti ileile ya chini. "Nikiijua fomula, picha itanyooka. Ikinyooka, itamwonyesha aliyekuwapo. Kama ni wewe, utakuwa umejifunga kamba kwa mkono wako. Unaruhusiwa kunyamaza."

"Kama ni mimi, nionekane," alisema kijana. "Mama, kompyuta haihesabu pembe kwa nyuzi kama tulivyofundishwa shuleni. Ina kipimo chake, radiani. Ukitaka nyuzi, lazima uibadilishie. Dada alisahau. Aliandika tatu akidhani ni nyuzi tatu, pembe nyembamba kama kisu. Kwa kompyuta hiyo tatu ni karibu nusu duara. Kwa hiyo kila mstari unakaribia kugeukia upande wa pili. Alitaka picha itikisike kama pazia, ikachanika kama gazeti."

"Wewe ulilijua kosa?"

"Mimi ndiye niliyemwonyesha. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akasema, mdogo wangu, kosa langu usiliguse, hili ndilo nililokuwa nikilitafuta miaka yote. Na ile alama ya nyuzi ukutani akaiacha makusudi, ili wajuaji wapotee njia." Alitabasamu, kisha tabasamu likafa. "Hakuna mwingine anayejua. Ni mimi na yeye tu."

Nje, kwenye korido, Kiberiti alikuwa wa kwanza kusema.

"Mwenye hatia hawezi kutoa ufunguo hivyo, afande. Ninaanza kuamini hakufanya."

"Saa moja iliyopita uliamini amefanya."

"Saa moja iliyopita sikuwa nimemsikia."

"Nami bado sijaisikia picha, inayosema kweli kuliko wote," Inspekta alisema. "Ongeza mwendo."

*

Fundi alisikiliza maelezo hadi mwisho, akapiga paja lake kofi moja zito.

"Radiani! Nami nimekaa hapa nikimgeuzia namba kwa adabu, kumbe mwenzangu hakugeuza chochote. Nimesahihisha kosa lake bila kuombwa. Mama, kosa langu ni usahihi."

"Unaweza kukosea kama yeye?"

"Kukosea? Nipe nafasi tu."

Alifuta mstari mmoja wa programu yake, akajaribu kwanza namba tano za kiganja cha Inspekta. Kumi na nne. Ishirini na nane, upande wa pili. Arobaini na moja. Hamsini na nne. Sitini na tano. Zilitoka moja baada ya nyingine, na kwa kila moja Inspekta aliitikia "ndiyo" kwa sauti iliyopanda kidogo, hata Kiberiti akamgeukia kumtazama. Tangu amfahamu, hakuwahi kumsikia akipandisha sauti kwa jambo lolote, hata siku ya wizi wa benki.

"Basi twende mbele," fundi alisema. "Mambo haya hayatazamwi kwenye kioo kidogo."

Walitoka wote watatu na kusimama mbele ya skrini kubwa, katikati ya viti vitupu. Fundi alikuwa amebeba kibodi kifuani kama trei. Akabonyeza.

Picha ilianza kunyooka kutoka juu. Mstari wa kwanza ulitulia, wa pili ukarukia mahali pake, wa tatu, wa nne, kisha ikawa mingi kwa pamoja, kama shanga zinazoingia kwenye uzi. Dari likajijenga. Rafu ikasimama wima, ileile aliyoishona kwa mkasi. Likaja dirisha, na anga ndani ya dirisha.

"Mungu wangu," Kiberiti alisema kwa sauti ndogo.

Ukuta ulishuka. Wekundu ulianza kukusanyika, cheche huku na cheche kule, na Kiberiti akashika mkono wa kiti. Mstari baada ya mstari wekundu ukapata kichwa, ukapata shingo, ukapata mdomo mweusi. Ulikuwa mtungi wa kuzimia moto, umetundikwa kwenye msumari wake.

"Jaketi lako hilo," fundi alimwambia sajini. "Kalivae."

"Nyamaza, fundi."

Inspekta hakuwasikia. Ncha ya ngazi ilikuwa imetokea, na juu ya ngazi mkono wa mwanamke uliokuwa ukinyoosha waya kuelekea darini. Kikafuata kichwa chake, mgongo wake, kiuno. Alikuwa mzima bado, hajaanguka, ameipa kamera kisogo. Hakuangalia chini. Alikuwa amesimama kama anayemwamini aliyeko chini.

Kisha mistari ikaisha.

"Endelea," alisema Kiberiti.

"Hakuna zaidi. Skrini hii ni pana lakini ni fupi. Inapokea nusu ya juu tu. Picha nzima iko kwa mchapaji, niliwaambia asubuhi."

Ni kweli, aliwaambia, na mchana walikuwa wameshakwenda huko. Mchapaji aliwapokea vizuri. Alisema kazi ya mwisho ya mchoraji aliagizwa aichape kwenye turubai la ukubwa wa ukuta kwa ajili ya kufunga maonyesho, na faili lenyewe lilikuwa ndani ya mashine. Mashine hiyo ikishaanza haikatizwi. Waje asubuhi, wino ukishakauka. Yeye karakana ya mchoraji hata hakuijua iliko. Kazi zilimfikia zenyewe kwa mtandao.

Inspekta alisogea mpaka pua yake ikakaribia skrini. Alipapasa kichwani kutafuta miwani, hakuikuta, akakunja macho.

"Fundi, mistari ya mwisho kabisa. Pale kwenye mguu wa ngazi, upande wa kushoto. Ikuze."

Ikakuzwa. Kwenye ukingo wa chini wa picha, pale ilipokatika, vidole vinne vilikuwa vimeukumbatia mti wa ngazi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekatwa na mwisho wa skrini. Vidole vilikuwa vyeupe. Si weupe wa ngozi. Vilikuwa na mshono.

"Amevaa glavu," alisema Kiberiti. "Za pamba." Kwa mara ya kwanza siku hiyo akafikiri kabla ya kuwaka. "Kijana alikutwa na damu mikononi. Mikono mitupu. Hakukuwa na glavu popote kwenye vielelezo."

"Sajini, leo mchana tulipoingia mahali, nani alikataa kutupa mkono?"

Kiberiti alimtazama. Fundi naye aliwatazama wote wawili. Mchapaji alikuwa amewainamia kwa adabu sana, mikono ameinyanyua juu kama daktari wa upasuaji. *Samahani, wakubwa, mkono siwapi. Jasho la kiganja huharibu turubai.* Na mikononi alikuwa na glavu nyeupe za pamba.

"Nakwenda kumchukua," Kiberiti alisema, na alikuwa ameshapiga hatua.

"Utamchukua na nini? Na vidole vinne? Glavu zinauzwa kila duka. Na mkono huu umeshika ngazi, sajini. Hatujui kama umeisukuma au umeiachia, au uliogopa ukakimbia. Nusu ya chini ina kiatu, ina suruali, huenda ina uso." Sauti yake ilikuwa imerudi chini, lakini macho yalikuwa yakimeta. "Wewe utakwenda hospitali, ukae mlangoni kwa mchoraji. Asiingie mtu ila muuguzi. Na askari wawili wasio na sare wakae ng'ambo ya duka la mchapaji. Wasimguse. Akitoka, wajue anakwenda wapi."

"Akiifuta je?"

"Kwa nini aifute? Aitazame mpaka macho yamtoke, kwake ni mistari iliyochanika tu. Umesikia kijana alivyosema. Kosa lile walilijua watu wawili."

Alichukua simu yake, akatafuta namba ya kadi waliyopewa mchana, akapiga. Aliiweka sauti wazi.

"Habari za jioni. Ni yule mama wa polisi. Nauliza tu, lile turubai limefikia wapi?"

Nyuma ya sauti ya mchapaji mashine ilisikika ikienda na kurudi, kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Aa, mama, karibu. Nusu ya juu imeshatoka, inapendeza kweli. Sasa nimeanza ya chini. Mnaihitaji haraka?"

"Hapana," alisema Inspekta. "Usiharakishe. Ningependa itoke vizuri, kila mstari."

"Kila mstari, mama. Asubuhi ni yenu."

Alikata simu. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na kibodi mapajani, mdomo wazi kidogo. Inspekta alirudi nyuma ya skrini, akaivaa miwani yake, akaziacha kanda sita za karatasi zilivyolala mezani, rafu yake imesimama wima. Chini ya ukanda wa sita aliweka rula, kuonyesha mahali pa kuanzia kesho.

Kisha akapitia kituoni, kumwambia kijana mmoja kwamba dada yake hakupanda ngazi peke yake. Alikuwa ametimiza kiapo.